Sura ya Tano: Askari na Sababu Yake

Mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hahitaji kuelezwa sana maana ya uzururaji. Msako unapita jioni, vijana waliokaa kijiweni wanapakiwa kwenye karandinga, na wakiuliza wamekosa nini wanaambiwa watajua wakifika kituoni. Asiye na kitambulisho wala mtu wa kumpigia simu analala ndani. Wengi wetu tunaona huo ni ubabe wa askari tu. Kumbe nyuma yake kuna sheria, na sheria hiyo ina kwao: Uingereza, mwaka 1824.

Miaka hiyo vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimekwisha, na askari walioachishwa jeshi walikuwa wakitangatanga barabarani bila kazi wala makazi. Wenye mali wakaingiwa na hofu. Bunge likatunga Sheria ya Wazururaji, ambayo kifungu chake cha 4 kilimruhusu askari kumkamata mtu aliyeonekana kurandaranda kwa nia ya kutenda uhalifu. Uhalifu wenyewe haukuhitaji kutendeka. Watawala wa kikoloni walipoandika kanuni za adhabu za Tanganyika, Kenya na Uganda, waliyachukua maneno ya sheria hiyo na kuyapandikiza huku, na mengi yakabaki vitabuni hata baada ya bendera kubadilishwa.

Sura hii inafuata safari ya sheria hiyo huko huko ilikozaliwa, kwa sababu kisa cha London kinaonyesha wazi jambo ambalo kwingine hufichika. Askari akipewa mamlaka ya kushuku pasipo kudaiwa sababu, kile anachokiona kwanza ndicho kitakachokuwa sababu yake. Katika mitaa ya London alichokiona kwanza kilikuwa rangi ya ngozi.

Kosa la kushukiwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilihitaji mikono ya kuendesha mabasi, kuhudumia wagonjwa na kujenga upya miji iliyopigwa mabomu. Watu wa Jamaika, Trinidad, Barbados na visiwa vingine wakaitika. Walifika wakiwa na pasipoti za Uingereza, wakapanga vyumba katika maeneo kama Brixton na Notting Hill, wakazaa na kulea huko. Watoto wao walipofikia umri wa kutembea mjini peke yao, katika miaka ya 1970, walikutana uso kwa uso na kifungu kile cha 1824.

Vijana walikipa jina la mkato, "sus", na kila familia yenye asili ya Karibi ilikijua. Kijana alisimamishwa akitazama dirisha la duka au akisubiri rafiki kituo cha basi. Askari wawili walitosha kuwa mashahidi. Hakukuwa na haja ya kumleta mtu aliyeibiwa, wala mali iliyoibwa, wala mpita njia aliyeona lolote. Hakimu alisikia neno la askari wawili dhidi ya neno la kijana mmoja, na kila mtu alijua mizani italalia wapi.

Aprili 1981 polisi walianzisha operesheni kubwa Brixton kupambana na wizi wa mitaani. Askari waliovaa kiraia walimwagwa barabarani, na ndani ya siku chache wakasimamisha watu 943 na kukamata 118. Zaidi ya nusu ya waliosimamishwa walikuwa weusi, na wengi wao walikuwa vijana wadogo. Tarehe 10 Aprili mtaa ukalipuka, magari na majengo yakachomwa, na vurugu zikaendelea hadi tarehe 12. Kufikia Agosti mwaka huo huo Bunge lilikuwa limekwisha kulifuta kosa la kushukiwa.

Serikali ilimteua jaji mmoja mkubwa, Lord Scarman, kuchunguza chanzo cha vurugu. Taarifa yake ya Novemba 1981 ilikiri kwamba vijana weusi walikuwa na manung'uniko ya kweli, lakini ikakataa kwamba ubaguzi umeota mizizi katika taasisi za nchi. Kwa maoni yake tatizo lilikuwa la askari wachache wenye chuki na uamuzi mbaya. Mwaka 1984 ikaja sheria mpya ya polisi na ushahidi, iliyotaka askari awe na sababu ya msingi kabla ya kumpekua mtu, amwambie sababu hiyo, na aiandike. Mwongozo wake ulisema rangi ya mtu peke yake haiwezi kamwe kuwa sababu. Kwenye karatasi, mambo yalikuwa yamekaa sawa.

Usiku wa Eltham

Alhamisi tarehe 22 Aprili 1993, saa nne na nusu hivi za usiku, vijana wawili weusi walikuwa wakisubiri basi katika barabara ya Well Hall, Eltham, kusini mashariki mwa London. Mmoja alikuwa Stephen Lawrence, mwanafunzi wa miaka 18 aliyetaka kuwa msanifu majengo. Mwenzake alikuwa Duwayne Brooks. Kundi la vijana weupe likavuka barabara, mmoja akatoa tusi la kibaguzi, wakamzonga Stephen na kumchoma kisu mara mbili. Alikimbia zaidi ya mita 100 huku damu ikimvuja, akaanguka.

Mtu na mkewe waliokuwa wakitoka kwenye maombi kanisani walisimama kumsaidia. Miaka mitano baadaye mume yule alitoa ushahidi mbele ya tume iliyochunguza kifo hicho, na alisema jambo ambalo wengi wasingethubutu kulisema hadharani: alipowaona vijana wawili weusi wakikimbia, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba huenda ni vibaka. Akalitambua wazo hilo, akaliweka kando, akapiga magoti kando ya Stephen na kumwombea. Alipofika nyumbani alinawa damu mikononi kwa maji aliyoyakinga kwenye chombo, kisha akayamwaga chini ya mti wa waridi uani kwake.

Polisi waliofika walikuwa na wazo hilo hilo, ila hawakuliweka kando. Hakuna aliyefungua nguo za majeruhi kutafuta jeraha wala kujaribu kuzuia damu. Duwayne, aliyekuwa ametoka kuponea chupuchupu na alikuwa akipaza sauti kuomba msaada, alionekana kama mkorofi na mshukiwa. Maswali mengi yalielekezwa kwake. Kwa askari wale, vijana wawili weusi na damu barabarani maana yake ilikuwa ugomvi wa wao kwa wao.

Upande wa pili wa tabia hiyo ulijitokeza siku zilizofuata. Habari za wauaji zilimiminika. Kabla ya saa 24 kwisha, majina ya kundi moja la vijana wa mtaani yalikuwa yamefika polisi. Barua moja iliachwa kwenye kibanda cha simu, nyingine ikawekwa kwenye kioo cha gari la polisi. Mtu akaingia kituoni mwenyewe na kuwataja. Polisi wakatuma mpiga picha ajifiche karibu na nyumba za watuhumiwa. Alimwona mtu akitoka na mfuko uliofanana na mfuko wa nguo, akaingia garini, akaondoka. Mpiga picha hakuwa na simu ya mkononi wala njia nyingine ya kutoa taarifa, na mfuko ukaenda zake.

Hakuna aliyekamatwa kwa wiki mbili. Ofisa aliyeongoza upelelezi alikuja kukiri mbele ya tume kwamba hakuielewa vizuri sheria inayoruhusu kumkamata mtu kwa shaka yenye msingi. Fikiria hilo kidogo. Katika jiji ambalo kijana mweusi alikuwa akisimamishwa kila siku kwa shaka isiyo na msingi, ofisa mwandamizi hakujua kwamba anaweza kuwakamata vijana weupe kwa shaka yenye msingi mzito.

Tarehe 6 Mei wazazi wa Stephen, Doreen na Neville, walikutana na Nelson Mandela, aliyekuwa ziarani London. Siku hiyo hiyo Doreen alimkabidhi ofisa mmoja wa ngazi ya juu karatasi yenye majina ya watu waliotajwa na majirani. Alimtazama akiikunja karatasi ile, akaikunja tena na tena hadi ikawa kipande kidogo sana mkononi. Mama yule alihisi kwamba inakwenda kutupwa. Kesho yake, baada ya vyombo vya habari vya dunia kuonyesha picha za Mandela na familia hiyo, ukamataji ukaanza.

Miaka sita ya kubisha hodi

Julai 1993 waendesha mashtaka walifuta kesi kwa madai kwamba ushahidi hautoshi. Polisi wakafanya mapitio ya ndani, wakajikuta hawana kosa. Familia ikafungua mashtaka binafsi, jambo ambalo sheria ya Uingereza inaruhusu lakini watu wachache hulithubutu. Aprili 1996 kesi hiyo nayo ilianguka baada ya jaji kukataa utambuzi wa Duwayne, na washtakiwa watatu wakaachiwa huru. Kwa kanuni ya karne nyingi kwamba mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja, watu hao walikuwa wamekwisha kuvuka mto.

Februari 1997, katika uchunguzi wa kisheria wa chanzo cha kifo, watuhumiwa watano waligoma kujibu maswali. Jopo la raia likaamua kwamba Stephen aliuawa isivyo halali, katika shambulio la kibaguzi ambalo hakulichokoza, lililofanywa na vijana weupe watano. Kesho yake gazeti la Daily Mail likachapa picha zao ukurasa wa kwanza na kuwaita wauaji, likiwataka washtaki kama linasema uongo. Hawakushtaki. Inajulikana kwamba Neville Lawrence, fundi kwa kazi yake, aliwahi kupiga lipu nyumbani kwa mhariri wa gazeti hilo. Mtu mwenye nguvu alimjua baba wa marehemu, na hilo lilisaidia. Wazazi wangapi weusi walizika watoto wao bila kuwahi kuingia nyumba ya mhariri?

Serikali mpya ya chama cha Labour iliunda tume Julai 1997, chini ya jaji mstaafu Sir William Macpherson. Mmoja wa washauri wake watatu alikuwa mtu wa kwetu, John Sentamu. Alizaliwa Uganda mwaka 1949, akasomea sheria na kuamua kesi mahakamani, akagombana na utawala wa Idi Amin, akatiwa ndani, na mwaka 1974 akakimbilia Uingereza, alikopata upadri na baadaye uaskofu. Mtu huyu alikuwa ameonja polisi wa dikteta. Aliwaonja na polisi wa London, tena baada ya tume kumaliza kazi: mwaka 2000, akiwa tayari askofu, alisimamishwa na kuhojiwa karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na akaeleza kwamba haikuwa mara ya kwanza. Askari alipogundua kwamba anazungumza na askofu, lugha ikabadilika.

Taarifa ya Macpherson ilitoka Februari 1999 ikiwa na mapendekezo 70. Ilipindua hoja ya Scarman. Ilisema jeshi la polisi la London lina ubaguzi wa kitaasisi, yaani taasisi nzima inashindwa kuwahudumia watu ipasavyo kwa sababu ya rangi au asili yao, kupitia mazoea, dhana zisizohojiwa na uzembe, hata pale ambapo hakuna askari aliyekaa chini kupanga ubaya. Watu wengi waliisoma kama tusi kwa kila askari. Kwa kweli ilikuwa inaondoa kisingizio. Kama tatizo ni askari wachache wabaya, dawa ni kuwafukuza na kulala usingizi. Kama tatizo ni utaratibu wenyewe, kila fomu, kila faili na kila amri ya kamanda inapaswa kukaguliwa.

Palipobadilishwa kanuni

Baadhi ya mapendekezo yakawa sheria, na hapo ndipo matunda yalipoonekana. Mwaka 2000 sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi ilipanuliwa hadi kuwagusa polisi. Mwaka 2004 chombo huru cha kusikiliza malalamiko dhidi ya polisi kilianza kazi. Tukio lolote ambalo mwathirika au shahidi analiona kuwa la kibaguzi likawa linaandikwa hivyo tangu mwanzo, ili lichunguzwe hivyo.

Pendekezo zito zaidi liligusa ile kanuni ya kutoshtakiwa mara mbili. Ni kinga ya maana sana. Inamlinda raia dhidi ya serikali inayoweza kumburuta mahakamani hadi imchoshe, na Katiba ya Kenya ya 2010 inayo pia. Bunge la Uingereza liliifungulia mlango mdogo katika sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2005: kwa makosa makubwa tu, ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu, na Mahakama ya Rufani ikikubali.

Wanasayansi wakarudi kwenye nguo zilizohifadhiwa tangu 1993. Kwenye kola ya jaketi la Gary Dobson, mmoja wa walioachiwa 1996, walikuta tone la damu ya Stephen lenye urefu wa nusu milimita. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu ya kumwachia huru. Tarehe 3 Januari 2012 yeye na mtuhumiwa mwenzake, David Norris, walipatikana na hatia ya mauaji, wakahukumiwa kifungo cha maisha, mmoja akitakiwa kukaa gerezani si chini ya miaka 15 na miezi miwili, mwingine si chini ya miaka 14 na miezi mitatu. Ilikuwa imepita karibu miaka 19.

Palipoachiwa hiari

Macpherson alipendekeza pia kwamba kila askari anayemsimamisha mtu, hata kwa kumhoji tu, aandike sababu na kumpa mhusika nakala. Mwaka 2005 polisi wakaanza kufanya hivyo nchi nzima. Askari wakanung'unika kwamba makaratasi yanawapotezea muda, serikali ikawasikiliza, na mwaka 2011 sharti la kuandika mahojiano hayo likaondolewa. Tangu 1994, isitoshe, kuna kifungu kingine kinachomruhusu ofisa mwandamizi kutangaza eneo fulani kuwa la hatari, na ndani ya eneo hilo askari anaweza kumpekua yeyote bila kuwa na shaka yoyote juu yake.

Matokeo yake yapo kwenye takwimu za serikali yenyewe. Katika mwaka ulioishia Machi 2020, mtu mweusi katika Uingereza na Wales alikuwa na uwezekano wa kupekuliwa karibu mara 9 zaidi ya mweupe. Miaka mitatu baadaye pengo lilipungua hadi karibu mara 4. Watetezi wa upekuzi husema kwamba vijana weusi ndio wanaokufa zaidi kwa visu, kwa hiyo upekuzi unawalinda. Msiba huo ni wa kweli, na hakuna mzazi anayeupuuza. Lakini zaidi ya nusu ya upekuzi hutafuta dawa za kulevya, si visu, na mwingi huisha bila askari kukuta kitu. Kijana aliyepekuliwa mara tano bila kukutwa na kitu hatakuwa na hamu ya kwenda kutoa ushahidi siku rafiki yake akichomwa kisu.

Mengine yaliyofichuka baadaye yalikuwa machungu zaidi. Mwaka 2013 aliyekuwa askari kanzu alisema hadharani kwamba alitumwa kutafuta habari za kuichafua familia ya Lawrence na wanaharakati waliowaunga mkono. Machi 2023 Baroness Louise Casey alitoa taarifa nyingine kuhusu polisi wa London, iliyoagizwa baada ya askari wa jeshi hilo kumteka na kumuua mwanamke mwaka 2021. Ilirudia, miaka 24 baada ya Macpherson, kwamba jeshi hilo ni la kibaguzi kitaasisi, ikaongeza na chuki dhidi ya wanawake na mashoga. Kamishna alikubali yaliyogunduliwa, akalikataa neno lenyewe.

Watu 12 chumbani

Mwaka 2017 mbunge David Lammy, ambaye wazazi wake walitoka Guyana, alichapisha mapitio ya mfumo mzima wa jinai wa Uingereza na Wales. Watu wasio weupe walikuwa asilimia 14 ya wananchi, lakini asilimia 25 ya wafungwa, na zaidi ya asilimia 40 ya vijana walio kizuizini. Aligundua pia kwamba kutoaminika kwa mfumo kuna bei yake: washtakiwa weusi, wakidhani kila ofa ni mtego, hukataa kukiri kosa mapema na hivyo hukosa punguzo la adhabu ambalo linaweza kufikia theluthi moja.

Hata hivyo Lammy alikuta sehemu moja ambako mizani ilikaa sawa, nayo ni jopo la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Viwango vyao vya kutia hatiani havikutofautiana kwa maana kati ya rangi na rangi. Hawa si watu waliofundishwa kuliko askari, wala hawakuchujwa kwa usafi wa mioyo. Ni wapita njia wa kawaida, wenye dhana zao kama yule bwana aliyetoka kwenye maombi. Tofauti yao na askari wa barabarani ni mazingira. Wanasikia ushahidi wa pande zote, wanakaa pamoja, na kila mmoja lazima awape wengine sababu ya anachokiamini. Lammy akajenga juu ya hapo kanuni moja kwa taasisi zote: kama takwimu zinaonyesha tofauti kati ya rangi na rangi, eleza sababu yake, na ukishindwa kueleza, rekebisha.

Sheria ya 1824 ilimwondolea askari wajibu huo wa kutoa sababu, na sisi tuliirithi. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka mikataba ya haki ya Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mwishoni mwa 2022 Mahakama ya Kikatiba ya Uganda ikabatilisha vifungu vya aina hiyo vya nchi yake. Kwetu kinachoonekana kwanza kinaweza kuwa kandambili, rasta, lafudhi ya mkimbizi au jina la kabila, lakini kazi yake ni ile ile. Mnyonge hana haki, husema watu, na hukaa kimya. Katiba ya Kenya na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Tanzania zinamtaka anayekukamata akuambie kwa nini. Basi wabunge wetu wafute uzururaji vitabuni, makamanda wadai sababu iandikwe kila mtu anaposimamishwa, na takwimu hizo zichapishwe kila mwaka. Nawe msomaji, siku utakaposimamishwa, uliza sababu kwa heshima, na andika jibu utakalopewa.